Alama Tulizopatanisha

Jumatatu, 2 Juni

Baridi imeingia kwa fujo. Makaa yalikuwa na unyevu, maji ya kuloweka mikono ya watoto yakachelewa kupata moto, nikamfokea kila aliyekuwa karibu na jiko. Ukimpima mtoto mwenye mtindio wa ubongo mkono wake ungali na baridi, unakakamaa kama ubao, na utamwandikia ugumu ambao hana. Uloweke kwanza. Uukaushe. Ndipo ukunjue kiwiko haraka na kusikiliza pale msuli unapokwama. Hili nawaimbia kila mwaka wanaokuja kujifunza kazi hapa kituoni. Mimi ndiye kiné, mtaalamu wa kunyoosha viungo, mkongwe kuliko wote. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Kesho anatua uwanja wa ndege wa Luano daktari wa mikono kutoka Kinshasa. Atakaa nasi karibu mwezi huu wote, atapasua watoto watakaofaa. Anahamisha kano moja kutoka upande unaokunja mkono, anaipeleka upande unaonyoosha, na kifundo kilichoinama siku zote kinainuka. Kwa mtoto anayeutumia mkono wake, ni msaada mkubwa. Kwa mtoto aliyekwisha kuusahau, ni kidonda cha bure, na hata uwezo mdogo aliokuwa nao unaweza kwenda. Kujua nani ni nani ndiyo kazi yetu sisi tunaopima.

Nimesafisha chumba changu mwenyewe. Sikumwachia mtu.

Jumatano, 4 Juni

Nimemwona. Kijana. Viatu vinang'aa kuliko sakafu yetu. Adabu anayo. Kiswahili chake cha kubabaisha, nusu Kilingala, nusu Kifaransa, watoto wanamcheka naye anacheka nao.

Anataka kila mtoto apimwe na watu wawili. Kila mpimaji peke yake, chumbani kwake, bila kuongea na mwenzake. Halafu alama zilinganishwe. Zikiachana sana, mtoto huyo hapasuliwi mpaka ijulikane kwa nini zimeachana. Akasema mtu mmoja huona anachotaka kuona. Alisema hivyo akinitazama mimi, au mimi nimeona hivyo. Miaka yote nimepima peke yangu na hakuna aliyelalamika. Nikajibu "oui, Docteur". Nimekasirika mpaka sasa.

Mpimaji wa pili ni Célestin. Ni mwenzangu, anawafundisha watoto kula, kuvaa na kuandika kwa mikono waliyo nayo. Alijifunza kazi chini yangu. Mkimya. Mchoyo wa alama, utadhani zinatoka mfukoni mwake.

Ijumaa, 6 Juni

Watoto kumi na wawili kwa siku mbili. Mgongo wangu umekufa.

Mtoto anakaa kwenye meza fupi. Unampa vitu vya kuchezea vinavyotaka mikono miwili: kopo lenye kifuniko, shanga za kutunga, mwanasesere wa kuvalisha. Unaangalia mkono mgonjwa unafanya nini. Unashika? Unashikilia ili mwenzake afanye kazi? Au umelala tu? Sifuri mpaka tatu. Mtoto asikumbushwe. Hapo ndipo penyewe, asikumbushwe.

Gracia amenifurahisha kupita wote. Ana miaka minane, upande wake wa kulia ndio wenye shida. Mama yake ni fundi wa kushona huko Kamalondo. Alikuwa akimleta hapa mgongoni, mpaka siku mtoto mwenyewe alipokataa, akasema amekuwa mkubwa. Nimemjua tangu hajui kukaa.

Nilimpa kopo, mikono miwili ikaja. Nilimpa shanga, mikono miwili. Nilimpa mwanasesere, mkono wa kulia ulikuja chini, wa kushoto juu yake, bila mimi kusema neno. Nikaandika tatu, tatu, mbili, tatu. Moyo ulinijaa. Nilijiona kama mimi ndiye niliyeuotesha mkono ule.

Jumatatu, 9 Juni

Siku mbaya. Niandike yote.

Daktari anataka alama zetu kesho asubuhi. Mchana niliingia kwa Célestin kuazima kalamu. Alikuwa nje. Karatasi zake zilikuwa mezani, wazi. Hapana. Hazikuwa wazi. Nilizifungua.

Tumeachana vibaya. Si kwa wote, lakini kwa nusu yao hivi. Na Gracia! Mimi tatu, yeye sifuri. Mimi mbili, yeye sifuri. Nilihisi joto la uso mpaka masikioni. Nikamwona akilini daktari amesimama na karatasi mbili mkononi, akijiuliza kama watu wa Lubumbashi wanapima au wanacheza bahati nasibu. Nikamwona anafunga sanduku lake na kutorudi tena.

Célestin aliporudi nikafunga mlango. Nikaagiza chai na mikate. Nikamwambia tuko na jina la kituo la kulinda, na watoto wanaosubiri. Nikamwambia hajawajua hawa watoto kama ninavyowajua mimi. Kwa Gracia aligoma kidogo.

"Maman, mi niliangalia muda mingi. Ile mukono haikufanya kintu."

Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha kuangalia. Ndivyo nilivyosema, kwa sauti hiyo hiyo ninayowatolea wanafunzi. Akachukua kalamu.

Kwa wengine mimi ndiye niliyeshuka kumfuata yeye, ili asijione ameonewa. Na baya zaidi: tuliacha tofauti ndogo ndogo hapa na pale, moja kwa mbili, mbili kwa tatu, ili zionekane za kweli. Wazo hilo lilikuwa langu. Lilikuja haraka, bila jasho. Sikujua nina kipaji hicho.

Mikate nilikula yote mimi. Célestin hakugusa.

Jumanne, 10 Juni

Daktari amelinganisha. Amefurahi sana. Amesema hata huko kwao mara chache wapimaji wawili hukubaliana hivi. Akatupa mkono, mimi kwanza. Akauliza nimefanya kazi hii tangu lini. Nikamjibu kwa unyenyekevu wa uongo, nikitazama chini.

Niliona haya, lakini niseme kweli, niliona na raha. Vyote viwili kwa pamoja.

Gracia yuko kwenye orodha ya watakaopasuliwa. Wako saba. Mama yake alipiga kigelegele mbele ya mlango wa kituo, walinzi wakacheka.

Alhamisi, 12 Juni

Baada ya kazi nilipita Kamalondo kwa Mama Gracia kupima nguo yangu mpya. Mashine yake iko mbele kabisa, barabarani, anashona huku anasalimiana na mtaa mzima. Akaenda kwa jirani kutafuta uzi wa rangi. Nikabaki. Nikachungulia uani.

Gracia alikuwa peke yake, amepewa karanga za kumenya. Hakuniona. Anapasua ganda kwa meno, anatoa karanga kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia umekunjwa ubavuni, na kwenye kile kifundo kilichoinama ametundika mfuko. Maganda anatupia humo. Akihama anahama na mfuko wake, hauanguki. Nilisimama pale mpaka miguu ikachoka. Mkono ule haukushika hata karanga moja. Haukujaribu. Kazi yake ni kutundikia mfuko, na kazi hiyo inaweza kwa sababu umeinama.

Nikamwita. Nilikuwa na biskuti ndani ya mkoba, nikampa. Papo hapo mkono wa kulia ukatoka ubavuni, chini, na wa kushoto juu yake. Magoti yakakunjwa kidogo. "Aksanti, Maman."

Mama yake alikuwa amerudi, ameona. Akacheka kwa fahari.

"Nkambo yake njo alimufundisha. Na fimbo! Mukubwa anakupa kintu, mikono mbili."

Nilibaki nimesimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Kumbe nilichopima ni malezi ya bibi yake. Vitu vyote vile nilimpa mimi, kutoka mkononi mwangu, mtu mzima, Maman Béa wa kituo. Mtoto wa watu angefanya nini? Célestin, kama kawaida yake, alimwaga vitu kwenye mkeka, akaenda kukaa pembeni akijifanya anatazama dirisha. Alimwona Gracia alivyo akiwa peke yake.

Na mimi nimelelewa hivyo hivyo. Hata leo mkubwa akinipa kitu mikono yangu miwili inakwenda yenyewe. Ndiyo maana sikuona chochote cha ajabu. Mpimaji kutoka Ulaya pengine angeshtuka na kuuliza. Mimi nilifurahi na kuandika tatu.

Wakiinua kifundo kile, mfuko utaanguka. Na vidole havitaanza kushika eti kwa sababu daktari amekuja. Mtoto atabaki na kovu na mkono usio na kazi kabisa.

Nilipotaka kutoka Mama Gracia akasema nguo ni zawadi, nisiseme kitu. Kukataa kungetaka maelezo. Nikakubali. Nimejichukia njia nzima.

Ijumaa, 13 Juni

Nilikwenda kumwambia. Kweli nilikwenda. Nilikuwa nimepanga maneno.

Daktari alikuwa anapanga siku za upasuaji. Akasema Gracia atakuwa wa kwanza, Jumanne, kwa sababu ndiye mwenye mkono unaoahidi kuliko wote, kwa juhudi zangu, "grâce à vous, Maman". Nikasema vizuri.

Vizuri! Ndilo neno lililotoka.

Célestin alikuwa palepale. Hakunitazama. Afadhali angenitazama.

Jumapili, 15 Juni

Mama Gracia alikuwa ameomba misa ya shukrani. Sikujua. Padri akataja jina la mtoto, halafu akataja na langu. Watu wakageuka. Ikabidi nisimame. Kwaya ikaimba, wamama wa mtaa wakapunga leso, nami nimesimama katikati ya parokia nikipigiwa makofi kwa ajili ya tatu, tatu, mbili, tatu.

Sikukomunika. Nilijifanya nakohoa, nikatoka nje.

Nyumbani sikula. Mume wangu akauliza kama ni malaria. Nikamwambia labda.

Jumatatu, 16 Juni

Leo nimekuwa mwoga mpaka nimejishangaa.

Nilitafuta njia ya kumwokoa Gracia bila kujitaja mimi. Nikamwambia daktari mtoto anakohoa, haifai alazwe usingizi, tumsogeze mbele, labda aje mara nyingine daktari akirudi. Nikafikiri nimemaliza. Nilitembea kurudi chumbani nikiwa mwepesi.

Daktari akamtuma muuguzi akamsikilize kifua. Safi kabisa. Mama Gracia akaja mbio kuniuliza nani kasema mtoto wake ni mgonjwa. Alikuwa ameogopa, shuka la hospitali amelikumbatia.

"Hapana mama, walikosea tu," nikasema. Walikosea. Wao.

Kesho saa mbili asubuhi wanampeleka. Kifundo kile hakitaweza kurudishwa kilivyokuwa. Nikinyamaza, nitakuwa nimemkata mkono kwa kalamu.

Jumanne, 17 Juni

Nimesema.

Gracia alikuwa ameshavaa gauni la upasuaji, kubwa mno, limefungwa nyuma kwa bandeji. Hajala tangu jana. Yuko kitandani koridoni, anaimba polepole. Mama yake pembeni na rozari. Nilipita mara ya kwanza nikawasalimu. Nilipita mara ya pili. Mara ya tatu nikasukuma mlango wa daktari, naye alikuwa ananawa mikono.

Nikamwambia mtoto huyu asipasuliwe. Alama si za kweli. Tulikaa tukazipatanisha. Akafunga bomba. Akauliza ni watoto wangapi, "Combien d'enfants?" Nikasema wote. Sijui kwa nini nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Akajikausha mikono kidole kwa kidole, taratibu sana, na hapo ndipo nilipotamani apige kelele.

Akasema basi yeye hana alama hata moja ya kuamini. Orodha yote imesimama. Saba wote. Élie yumo, mvulana aliyetoka Likasi na baba yake, na baba huyo amemalizia likizo yake yote ya kazi hapa kwa ajili ya siku hizi.

Aliniachia mimi nikamwambie Mama Gracia. Haki yake. Nilimwambia koridoni, kwa sauti ndogo, na yeye akauliza kwa sauti kubwa ili aelewe. Watu wakasikia. Gracia akaacha kuimba. Akauliza kama sasa anaweza kula.

Jambo jingine. Mbele ya daktari nilisema "tulikaa", "tulipatanisha". Sikusema mimi ndiye niliyefunga mlango na kumwuliza Célestin nani alimfundisha kuangalia. Hata katika kukiri nilitafuta mtu wa kunishika mkono.

Jumatano, 18 Juni

Célestin aliitwa asubuhi. Alitoka uso umemshuka. Alinipita koridoni, akasimama, akarudi.

"Maman, ungeniambia mbele. Tungeingia pamoja."

Hayo tu. Hakunitukana. Ana mke aliyejifungua juzi, anahitaji kazi hii, na mimi nimemburuta ndani bila kumgongea mlango.

Nikarudi kwa daktari. Nikamweleza yote, karatasi nilizofungua, chai, sauti niliyotumia, tofauti za kubuni. Hizo za kubuni ndizo zilizomwumiza, nilimwona. Akasema kosa la kuona linatibika, yeye mwenyewe hukosea, ndiyo maana anataka watu wawili. Akasema pale Célestin alipoandika sifuri na mimi tatu ndipo palipokuwa na kitu cha kujifunza, na sisi tukapafuta. Yule kwa umri ni mdogo kuliko kifungua mimba wangu, nami nilisimama mbele yake kama mwanafunzi aliyekamatwa anaibia mtihani. Ndivyo nilivyokuwa.

Mkurugenzi ameandika onyo. Nimelisaini. Lingekuwa kali zaidi ningelala vizuri zaidi.

Ijumaa, 20 Juni

Tumewapima upya. Siku mbili, watoto wote. Safari hii hakuna kumpa mtoto kitu mkononi. Vitu vinawekwa mezani kabla hajaingia, mpimaji anakaa pembeni, anajishughulisha na mambo yake, anaangalia kwa jicho la chini. Daktari anachukua karatasi mlangoni wino haujakauka.

Inashangaza. Karibu wote wanabadilika. Watoto ambao mimi na Célestin tulibishana juu yao wiki mbili zilizopita, sasa tunakaribiana, na hatukuongea hata salamu. Élie alikuwa mzuri, tena mzuri kuliko nilivyomwandika mwanzo. Yule hajali adabu ya mtu, ananyakua.

Gracia aliingia, akaona vitu, akatazama kwanza mlangoni. Nadhani alikuwa anamtafuta nkambo wake. Nikamwambia hapa shika kwa mkono unaotaka, hakuna wa kukugombeza. "Hata mbele yako, Maman?" Hata mbele yangu. Akafikiri. Kisha mkono wa kushoto ukaenda kazini, na meno, na kidevu. Alifungua kopo kwa magoti. Mkono wa kulia haukutoka ubavuni. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Niliandika mwenyewe, na kalamu ilikuwa nzito.

Daktari alimweleza mama kwa upole, na mimi nikitafsiri. Kwamba mkono ulioinama unamsaidia mtoto kwa njia yake. Kwamba kuunyoosha kutampunguzia. Nikafika katikati, Mama Gracia akanikata.

"Wee njo ulisema mukono inatumika. Leo wee njo unasema haitumike. Mi niamini Maman Béa gani?"

Daktari akaniuliza amesema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno.

Jumatatu, 23 Juni

Daktari amerudi Kinshasa. Amepasua watatu tu, juzi Jumamosi, Élie mmoja wao, wameenda vizuri. Wengine walikuwa wanafaa, wamekosa kwa sababu siku ziliishia kwenye kupima upya. Wazazi wao hawajui hesabu hiyo vizuri. Mimi naijua.

Hakuahidi kurudi. Alimpa Célestin mkono, akaongea naye kwa muda. Mimi pia alinipa mkono. Mfupi.

Nguo nimeirudisha Kamalondo. Mama Gracia hakuwepo, au alikuwepo. Jirani aliipokea.

Alhamisi, 26 Juni

Gracia hajaletwa wiki hii. Wamama wengine wanaingia kwa Célestin kwanza, wanauliza kama ni yeye atakayewapima watoto wao. Wananisalimu vizuri. Vizuri kupita kiasi.

Sina hasira nao. Nilitamani kuwa nayo, ingenisaidia.

Jumanne, 8 Julai

Baridi bado. Upepo wa vumbi, anga jeupe.

Nkambo ndiye aliyemleta Gracia. Sijawahi kumwona mama huyu karibu. Mfupi, kitambaa cheusi cha ujane, mgongo umenyooka. Akasema binti yake ana kazi nyingi za kushona. Akakaa kwenye benchi langu, akauweka mkoba wake mapajani, akanitazama kama mtu aliyekuja kukagua.

Tulifanya kazi. Nimeacha kuulazimisha mkono wa kulia kushika. Tunautunza usizidi kukaza, tunaunyoosha kwenye maji ya moto, na tunatafuta kazi unazoweza: kushikilia karatasi isiteleze, kubeba mfuko. Célestin ndiye aliyepanga hivyo, mimi nafuata. Gracia aliandika jina lake lote kwa kushoto huku kigasha cha kulia kimelala juu ya karatasi. Herufi zinapanda mlima lakini zipo zote.

Mwisho nikatoa biskuti. Nikamnyooshea. Alinyoosha mkono mmoja, wa kushoto.

Nkambo akampiga kofi mkononi, biskuti ikaruka chini ya meza.

"Mikono mbili! Mukubwa anakupa kintu, unapokea na mukono moya? Ya kushoto? Nani alikufundisha ile?"

Gracia alinitazama. Chumba kilikuwa kimejaa, wamama watatu na watoto wao, Célestin mlangoni.

Nilijua namna ya kunyamaza. Nimeifanyia mazoezi mwezi mzima.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia."

Akanigeukia. Mtu mzima kama mimi, kumfundisha mtoto wa watu kukosa heshima! Akasema hivyo, na zaidi ya hivyo, na wamama wote walisikia. Alisema pia kwamba bintiye alilia kwa sababu yangu. Sikujitetea. Alipomaliza nikamweleza taratibu: mkono ule ukija kwa ajili yangu, sitaujua kamwe. Nilishawahi kudanganyika nao mara moja, na mtoto angelipa. Kwao nyumbani wafanye wanavyotaka. Hapa ninaomba aje kama alivyo.

Nkambo hakusema ndiyo. Akatazama pembeni, ukutani, akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake ambacho nadhani hakikuwemo.

Nikatoa biskuti nyingine. Gracia akaichukua kwa kushoto, akala. Mkono wa kulia ulibaki mapajani, umelala, vidole vimekunjwa, na hakuna aliyeuita.